Uzi wa Nyuma

Telavi, Oktoba. Baridi imeanza kuuma vidole,
na chini ya sakafu ya ghala la kaka yangu Avtandili
mitungi saba imezikwa hadi shingoni.
Zabibu zimepondwa, zimefunikwa,
hakuna anayeziona,
na kazi inaendelea.

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne.
Nimestaafu na simu, daftari la mirabaraba,
na kompyuta ya mpwa wangu iliyong'oka kitufe kimoja.
Nikasema: nitaandika programu.
Kipimajoto kizame mtungini, kila robo saa
nambari ipande hadi kwenye skrini yangu.
Avtandili alicheka mpaka akakohoa.
Yeye husikiliza mtungi kwa sikio.

Toleo la kwanza liliganda.
Nilibonyeza kitufe, kikabaki kimezama,
kama mtoto aliyeulizwa saba mara nane.
Kidole kinagonga, hodi, hodi,
na ndani hakuna wa kuitikia,
maana mwenye nyumba yuko ghalani anasubiri joto.

Vazha akapiga kutoka Tbilisi, anatafuna kitu.
"Shangazi, una uzi mmoja tu.
Huohuo uchore skrini, huohuo upokee kidole,
huohuo ukasimame mlangoni pa kipimajoto.
Mshika mawili, si wajua?"
Nilijua. Nilikuwa nimeshika matatu.

Basi nikafungua uzi wa pili,
mstari mfupi, mabano yake mawili,
nikautuma nyuma:
nenda, usinijibu sasa.
Na kitufe kikapumua.

Dakika moja.
Kisha programu ikaanguka kifudifudi
kwa maandishi mekundu marefu kama risiti ya harusi.
Wa nyuma alileta nambari, akataka kuiandika
kwa mkono wake mwenyewe.
Kumbe haifai. Aliye nyuma hagusi skrini.
Anamkabidhi wa mbele, anarudi alikotoka.

Nilikaa na sheria hiyo kitambo.
Mama alipitisha sahani dirishani
karamu baada ya karamu, mvuke hadi nyusini,
na katika picha zote za ukumbini
hayumo.
Nikarekebisha mstari wa arobaini na moja.

Usiku huo nililala kwa majivuno.
Asubuhi: usomaji wa saa tano na robo usiku,
halafu shimo. Saa saba, tupu.
Simu ilijizima kioo, ikahesabu betri yake,
ikamuua mfanyakazi wangu bila kuniamsha.

"Usimwache azurure," Vazha akasema.
"Mwombee kibali kwa mfumo. Taja kazi,
taja ni kila baada ya muda gani, takribani.
Saa kamili utaichagua wenyewe."
Takribani!
Mimi niliyewakata watoto alama kwa neno hilo,
mimi niliyelipiga mstari kwa wino mwekundu.
Nikaandika: kila robo saa, ikiwezekana.
Nikatazama nyuma kama mwizi, nikahifadhi.

Siku nne haikusema kitu cha maana.
Ishirini na sita. Ishirini na saba. Ilichelewa,
ikaruka zamu, ikarudi bila kuomba radhi.
Sikuifungua. Nilimenya viazi. Nilibishana na jirani
kuhusu ua. Nilianza kusahau kwamba inafanya kazi,
na huko kusahau, nadhani, ndiko nilikokuwa nakiandika.

Usiku wa tano, saa nane na dakika arobaini,
simu ikatetemeka juu ya kabati.
Mtungi wa tatu: thelathini na mbili, inapanda.
Nikajitanda shali, nikavaa viatu vya Avtandili,
nikavuka uwanja wenye sakitu na tochi mkononi.

Taa ya ghala ilikuwa inawaka.
Alikuwa amepiga magoti, sikio limeelekea chini,
mti wa kukorogea tayari umelowa hadi katikati.
"Wa tatu umechemka," alisema.
Hakuuliza nimejuaje. Sikumuuliza yeye.
Akanisogezea nafasi kwenye mpini,
tukasukuma maganda yaende chini, yakaibuka,
tukayasukuma tena.

Na mfukoni mwangu, bila mlio,
usomaji uliofuata ukajiandika:
thelathini na moja, nukta nne.